Mkono Uliobeba Bakuli

Jumatatu, 5 Machi 1973
Barua ya Xiuqin! Mwaka wa nne huu tangu apelekwe kufanya kazi shamba la taifa kule kaskazini, na bado herufi zake zimebanana kama anaogopa karatasi kuisha. Anasema bwaloni kwao kuna bango la askari. Anakula akitazamana naye asubuhi, mchana na jioni. Asubuhi, mchana na jioni! Mimi, miaka minne, hata mara moja.

Kisha saa nne, tangazo hapa kiwandani, kwetu wachapaji. Ndugu Yan, mchoraji wetu wa mabango, anatafuta mfanyakazi wa kumwigiza askari wa mpakani kwenye theluji. Bango litapelekwa mashamba yote ya kaskazini. Yote! Nimemwaga ndoo nzima ya wino.

Jumanne, 6 Machi
Ndugu Yan kanizunguka mara mbili kama mama anayenunua punda. Kasema mashavu yangu yamepauka. Ya askari sharti yawe mekundu kama tufaha. Basi hilo tu? Mimi si ndiye mchanganya rangi? Mchana nimejipaka wino mwekundu. Kidogo tu, huku na huku.

Alhamisi, 8 Machi
Wino hautoki. Sabuni, siki, mafuta ya taa. Hautoki! Mama kaniuliza mbona siwiki kama jogoo. Kachaguliwa Kou Weiguo, dereva wa lori, meno yake kama punje za mahindi mabichi. Kanipitia makusudi mara tatu. Kasema, "Pole, Geng Mdogo! Wakikosa taa ya kusimamishia magari, watakuita." Wote wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Nimemfuata Ndugu Yan, nikamsihi anitie popote. Hata kisiki. Akataka kuiona mikono yangu.

Jumatano, 14 Machi
Nimo! Askari anapokea bakuli la chai ya moto kutoka kwa bibi kizee wa kijijini. Bibi mwenyewe haonekani, ila mkono. Mkono ni wangu. Kwa saa tatu nzima nimelishika bakuli, bega linawaka moto, na Kou mbele yangu anatabasamu tu.

Kidole gumba kina kovu la moto. Siku ile nilipoungua, Xiuqin ndiye aliyekifunga kwa leso yake. Alikipuliza kwanza. Nikatamani niunguze na cha pili. Nimemwomba Ndugu Yan alichore na kovu. Kasema mikono ya mama zetu imefanya kazi, kovu halina ubaya. Nimetoka nje, machozi yakanilengalenga. Vumbi hilo.

Jumatano, 18 Aprili
Bango limepitishwa, limechapwa. Rangi ya mkono nimeichanganya mara saba, mpaka Mzee Tao wa mashine akafoka: hapa tunachapa bango, hatumpambi bibi harusi! Mabunda yamekwenda stesheni. Kwa lori la Kou, tena! Nimesimama getini mpaka lilipokata kona. Siku sita, karatasi ile itakuwa mbele yake. Karatasi! Nimeionea wivu karatasi.

Alhamisi, 24 Mei
Barua! Nimeifungua kwa meno.

Anasema bango limefika. Wasichana wanagombea kukaa mkabala na askari. Wamempa jina la Meno. Xiuqin mwenyewe kahama meza. Anakaa pembeni kabisa, upande wa bakuli, ambako baridi inaingia mlangoni. "Mkono ule naujua," kaandika. "Mwanzoni mwa Juni tunaruhusiwa wageni kwa siku tatu, kisha basi hadi mwakani. Njoo, Baolin. Nimeshakuombea kitanda."

Nimeisoma hadi Mama akanipokonya, akaisoma na yeye, akaanza kutafuta begi la safari.

Maskini Xiuqin wangu! Kukaa kwenye baridi kwa ajili ya mkono tu! Anastahili uso mzima. Na tazama bahati: mwanzoni mwa Juni hiyohiyo, Ndugu Yan anachagua mabaharia wa bango jipya. Nimemjibu Xiuqin palepale kwamba siji, avumilie kidogo, kuna jambo kubwa namtengenezea. Barua nimeshaitia posta. Mama hasemi nami.

Kesho naanza kujifunza kuogelea.