Malalamiko Kuhusu Miksa Isiyonguruma

Walukuba, Jinja

Kwa Afande Adrisi, baba mkwe wangu mheshimiwa, Namakwekwe, Mbale.

Assalaam aleikum. Mimi mkweo Sebit ni mzima. Bintiyo Ramlah ni mzima kunishinda, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naandika kwa heshima zote, bila hasira, kushtaki ile miksa ya kuchanganyia sauti za maiki uliyonichagulia.

Utakumbuka, Afande, kwamba miksa yetu ya zamani ilipoungua nilipanda kuja Mbale unisaidie kuchagua nyingine, kwa kuwa jeshini ulikuwa upande wa redio. Kusema kweli nilikuwa nimeshachagua moyoni: ile pana kama mlango, yenye nafasi za maiki ishirini na nne na kioo kinachowaka rangi. Ukaniuliza mbele ya mwenye duka, "Kikundi chenu mko wangapi?" Nikasema wanne. Ukasema, "Basi hao ishirini wengine unawangoja kutoka wapi?" Mwenye duka akacheka, nami nikacheka kwa adabu. Ukachukua ile ndogo ya vitufe vya kuzungusha kwa mkono, ukafungulia sauti zote hadi mwisho bila kuchomeka kitu, ukatega sikio kwenye spika. Kimya. Ukasema, "Hii ukiinyamazisha inanyamaza kweli. Itawafaa nyumbani na jukwaani." Nikaibeba kama nilivyoamriwa. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Ni kimya mno. Ile ya zamani ilinguruma kama mashine ya kusaga posho, na mngurumo ule ulitufunika sote kama blanketi. Sasa kila kitu kinasikika. Siraj, mpiga kinanda wetu, amegundulika kwamba vibonye viwili vya kinanda chake havilii kabisa. Watu walidhani ule ni mtindo wake. Hata yeye alidhani hivyo.

2. Ni ndogo. Tulipoitwa kupiga kwenye harusi kule Mpumudde, ilisafiri kwa boda ndani ya kikapu cha Ramlah, imefunikwa kanga. Baba wa bwana harusi alitutazama tukiiweka mezani, tukachomeka waya zote, tukajaribu maiki. Kisha akauliza kwa upole mitambo itafika saa ngapi.

3. Kila maiki ina kitufe chake. Hapa, Afande, naomba ukae chini usome taratibu. Kwenye miksa ya zamani vitufe vyote vilikuwa vimekufa isipokuwa kimoja, kwa hiyo sote tulipita mlango mmoja, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyetangulia. Mwenye sauti kubwa ni mimi. Ramlah alikuwa akiitikia nyuma yangu, na kila mtu alijua kwamba anaitikia kwa sababu midomo yake ilionekana ikicheza.

Pale Mpumudde, Siraj aliviweka vitufe vyote sawa. Tulipofika ubeti wa pili nikaona wanawake waliokuwa wakicheza ngoma ya doluka wamegeuza shingo, hawanitazami mimi. Shangazi wa bibi harusi, Bi Juwairiya, mtu mzima anayeheshimika, aliinuka kwenye kiti akaenda moja kwa moja hadi mezani. Nilimsikia akimwambia Siraj, "Mwanangu, huyu mwanamume mpunguze kidogo, tumsikie mtoto." Siraj akanipunguza. Nilisimama pale naimba kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka, na sauti yangu ikawa inaishia kwenye masharubu.

4. Ulisema itafaa nyumbani pia. Imefaa kupita kiasi. Ramlah anaiwasha jioni akifanya mazoezi, na wanawake wa hapa Walukuba wanasimama na ndoo zao mlangoni kwetu. Nikirudi wananipisha vizuri, wanasema, "Karibu, mume wa Ramlah." Mimi, ambaye jina langu limeandikwa kwenye ngoma. Juzi alikuja mtu kutoka Kimaka kutualika harusini, akauliza kama hapa ndipo kwa kikundi cha Ramlah. Nilimjibu ndiyo, maana alikuwa mgeni na sikutaka kumchanganya.

Kwa hiyo, Afande, nimefikiri hivi. Ulinipa binti, kisha ukanipa miksa, na kimoja kinamharibu mwenzake. Binti siwezi kumrudisha, kwa kuwa nampenda na pia kwa kuwa ng'ombe wameshaliwa. Kinachorudi ni miksa. Naomba unitafutie nyingine yenye mngurumo wa heshima na kitufe kimoja. Ikishindikana, basi wewe kama baba na kama afande, mtolee Ramlah amri aimbe akiwa mbali na maiki, angalau hatua mbili nyuma ya mumewe.

Msalimie sana Mama, wasalimie wote nyumbani, majirani wa Namakwekwe, na yule mwenye duka pia, ingawa alicheka.

Ni mimi mkweo mtiifu, niliyepunguzwa,

Sebit

N.B. Afande, barua hii ilikuwa bado mfukoni tulipokwenda Kimaka. Ramlah alikuwa amepatwa na mafua, sauti imekauka, akakaa kando akiwa amejifunga shali. Nikaimba peke yangu. Hakuna aliyenipunguza. Nilisikika hadi barabarani, kila neno, safi kabisa. Mwisho wa ubeti wa kwanza nikanyamaza kumngoja aingie, na hakuingia mtu. Nikashindwa kujua nianzie wapi. Kumbe tangu tuoane ni yeye aliyekuwa akinipa njia ya kurudi kwenye wimbo, nami nilidhani ananifuata. Watu walikuwa wananitazama. Nikampelekea maiki palepale alipokaa, nikaenda mezani, nikajishusha mwenyewe, nikampandisha yeye. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayesemea ndani ya kikombe, lakini hapakuwa na mngurumo wa kuifunika. Uwanja mzima ulitulia, hata watoto. Nami nilisimama pale mezani nikiwa nimeshika kitufe chake, nikaogopa kukiachia.

Miksa usiifuate. Ila mwambie Mama atutumie tangawizi na asali ya mlimani, ile nzito, kwa basi la kwanza. Koo lake halijapona sawasawa, na Jumamosi ana kazi.