Almasi Yangu na Jiwe la Kubangulia Korosho

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wakwe, na bado nina hasira. Hasira na nani? Na almasi! Na nyie wote mliotuaminisha kwamba almasi haivunjiki. Mko wapi? Njooni hapa mnijibu.

Mnajua Jabiri alinivisha pete ya uchumba mwezi uliopita. Kwa wasiomjua, Jabiri ni fundi wa madirisha ya vioo kule Masasi. Alikwenda Shinyanga kufanya kazi, akajinyima huko, akarudi na pete yenye kijiwe cha almasi. Kidogo, punje ya ulezi tu. Lakini almasi! Tangu siku hiyo sikuwahi kuivua (hata nikikuna nazi).

Leo asubuhi tulikuwa uani kwetu Mkunya tunabangua korosho. Mimi, mama, na jirani yetu Mama Fatu, ambaye Mungu alimpa mdomo akamnyima kifuniko. Korosho tumeshazikaanga, mikono yote masizi. Unaweka korosho juu ya jiwe, unaigonga na kipande cha nondo, ganda linapasuka, unatoa punje nzima. Ukigonga kwa hasira umeisaga. (Mimi nabangua tangu mtoto. Hilo nalijua. Tuendelee.)

Mama Fatu akanikazia macho kidoleni. "Somoe, vua hiyo chupa, mafuta ya korosho yataichafua."

"Chupa?!"

"Chupa, mwanangu. Fundi vioo almasi aitoe wapi? Kaokota kipande kazini kwake, kakibandika."

Weee! Damu ilinichemka. Mtoto wa watu kajinyima, leo anaitwa tapeli na mtu anayekuja kwetu kuomba chumvi kila jioni!

Nikamwambia, "Mama Fatu, almasi haivunjiki. Hata uipige nyundo."

"Si uipige basi, tuone."

Mama akasema, "Somoe, acha." Ningeacha vipi? Pete nilishaivua, iko juu ya jiwe, nondo iko hewani.

"Tazama sasa!"

Paa!

Kijiwe hakipo. Juu ya jiwe kuna unga mweupe na vichembe. Kipande kidogo tu kimebaki kimeng'ang'ania kwenye meno ya pete, na pete yenyewe imepinda. Kuku wetu mwekundu akasogea, akadonoa vile vichembe, akaenda zake.

Mama Fatu hakucheka. Angecheka ningevumilia. Alinishika bega akasema, "Pole mwanangu. Wanaume ndivyo walivyo." Ananihurumia! Mama Fatu! Mimi!

Nikampigia Jabiri, hapokei. Nikapanda gari la Masasi hivyo hivyo, njia nzima napanga maneno. Nilikuwa nakwenda kwao Mkomaindo kumrudishia mama yake pete yao na uchumba wao, yaishe. Maneno yalikuwa makali, nyie! Mengine nilijiogopesha mwenyewe.

Sebuleni nikamkuta Mama Jabiri na mjomba wake Jabiri. Wanakunywa chai na mihogo, wanapanga siku ya kuja kwetu kuzungumzia harusi. Sasa utaanzaje kugomba hujasalimia?

"Shikamooni."

"Marahaba, mkwe! Karibu. Mbona una masizi usoni?"

Wa kwenu hawajambo? Hawajambo. Mama anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Na korosho? Zipo tu. Nikaona hapa hasira itapoa nikiiangalia. Nikaitoa pete mfukoni, nikaibandika kifudifudi kwenye meza ya kioo ambayo Jabiri alimtengenezea mama yake kwa mkono wake, nikaikandamiza na kiganja, nikaisukuma kutoka ukingo huu mpaka ule.

"Chukueni chupa yenu!"

Kwaruuuu!

Mstari mweupe, umekata meza yote katikati. "Meza yangu!" akapiga ukelele Mama Jabiri. Mjomba akainama aone vizuri, akaegemea kwa kiwiko.

Taf! Meza ikaachana vipande viwili, palepale penye mstari, imenyooka kabisa. Birika, vikombe, mihogo, na mjomba wa watu, wote chini.

Na Jabiri anaingia mlangoni, amekuja kula.

Akatazama meza. "Nani kakata kioo vizuri hivi?"

"Mimi! Kwa pete yako ya chupa! Nimeipiga nondo ikapasuka, na almasi haivunjiki!"

Jabiri akamwinua mjomba kwanza. Kisha akatoa mfukoni kifaa chake cha kukatia vioo, akanionyesha ncha. "Somoe, hapa pana almasi. Inakata vioo kila siku na makali hayaishi. Lakini ikidondoka vibaya sakafuni, inameguka. Kukwaruzika haikwaruziki. Ukiipiga nondo, inapasuka. Chupa ingeikata meza ya mama namna hii?"

Nilitamani ardhi ipasuke nayo. Lakini nikapiga kelele, "Sasa kwa nini hawasemi?! Ngumu, ngumu, ngumu, kumbe ngumu yenyewe ya upande mmoja!"

Mjomba alicheka mpaka akakaa tena chini. Mama Jabiri akafuta chai kwenye khanga yake, akasema, "Harusi ipo, mkwe. Ila pete ya ndoa nitachagua mimi, na haitakuwa na kijiwe."

Jabiri peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na huko Mkunya wanasemaje?" Iliniuma, wallahi.

Maana nimerudi nikakuta Mama Fatu ameshaisambaza mpaka bombani: Jabiri tapeli, kamvisha Somoe chupa. Nikinyamaza, mimi ni wa kuhurumiwa, na Jabiri ni tapeli. Nikisema kweli, yeye anasafishika, na mimi nitaitwa mbangua almasi mpaka nazikwa.

Haya. Watu wa Mkunya, someni, na mumsomee Mama Fatu maana simu yake haina bando. Ilikuwa almasi ya kweli. Jabiri hakunidanganya. Mjinga ni mimi.

Mkitaka kucheka chekeni, ila asiniguse mtu yule kuku mwekundu. Niko nyuma yake tangu alasiri, na bado hajanya.