Yule wa Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Redio Jasmini inafungwa Ijumaa. Vinay ametangaza leo katikati ya wimbo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Amechoka, anasema. Ameiendesha peke yake mtandaoni miaka tisa, kutoka gereji ya nyumba yake huko Auckland, na sasa mkewe anataka gereji iwekwe gari.

Gari! Na mimi je?

Niandike mambo yalivyo, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Mimi Hari Lochan, fundi cherehani, mgane wa mwaka wa sita, humtumia Bi Parmila wimbo mmoja kila siku saa kumi jioni kupitia Redio Jasmini. Bi Parmila anauza mboga na achari sokoni hapa Labasa, mji wetu wa kisiwani, mkabala na duka langu. Simu yake huiegemeza kwenye chupa za achari, redio ikiimba kutwa. Salamu zangu ni zile zile: "Kwa bibi wa achari, kutoka kwa yule wa ng'ambo ya barabara." Miaka miwili sasa. Jina sijalitaja. La nini? Mwanamke mwenye akili zake anaelewa. Nilikuwa nampa muda tu.

Nimempigia Vinay kumsihi. Akanijibu kwamba nivuke barabara nikamwambie mwenyewe. Mtu mzima kusema maneno kama hayo!

Jumanne, 4 Machi

Nimetafuta redio nyingine tangu asubuhi. Suruali tatu za watu zimelala mezani bila pindo.

Ya kwanza inapiga nyimbo za ibada tu. Ya pili haina mtangazaji, salamu zinasomwa na mashine. Nikaijaribu. Ikamwita Bi Parmila "Pamila Mila", na mimi ikaniita "yule wa barabara", kana kwamba nalala mtaroni. Ya tatu ilitaka neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Nimelisahau kabla sijalimaliza.

Dada yangu Sunita, ninayeishi naye, akauliza nahangaikia nini. Nikasema natafuta taarifa za hali ya hewa. Akatazama dirishani, mvua inamwagika, akasema, "Inanyesha, mdogo wangu. Nimekusaidia." Kisha akaniwekea dali ya dengu na roti na ile achari yake ya embe. Nikamwambia chumvi imezidi, kama kawaida. Akacheka peke yake. Siku hizi anacheka hovyo.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya kuliko zote maishani mwangu.

Nilivuka kununua bilinganya, kama kila siku. Nikamwambia Bi Parmila, kwa ujanja, kwamba nasikia ile redio inafungwa. Akashusha pumzi. Akasema zile nyimbo za saa kumi atazikosa sana, zimemtoa upweke tangu mumewe afariki. Moyo wangu ukaruka. Ndipo akainama chini ya meza, akatoa chupa ya achari, akaniomba nimpelekee Jainendra.

Jainendra! Fundi wa matairi, duka la pili kutoka langu!

Nikauliza kwa nini. Akainamisha macho. Akasema kila mwezi humpa chupa moja, ni shukrani tu, yeye mwenyewe anajua ya nini. Hajawahi kusema kitu, lakini kila ikifika saa kumi anaongeza sauti ya spika yake mpaka stendi ya basi inatetemeka.

Kumbe ng'ambo ya barabara tuko wawili.

Nimeibeba ile chupa mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, mpaka kwa adui.

Alhamisi, 6 Machi

Ushahidi! Nimempigia Vinay anitumie orodha ya salamu zangu zote, na namba yangu ya simu kando ya kila moja. Akasema kumbukumbu zote amezifuta jana. Miaka miwili ya mapenzi, imefutwa kwa kidole kimoja.

Basi nikaenda kumkabili Jainendra. Nikamuuliza, kwa ukali, achari anapewa kwa sababu gani. Akajifuta grisi akashangaa. Alidhani ni kwa vile aliwahi kumzibia pancha ya toroli. Na sauti je? Akasema saa kumi ndiyo saa anayowasha pampu ya upepo, asipoongeza sauti hasikii kitu.

"Hata hivyo siili, kaka," akasema. "Tumbo langu halitaki pilipili. Huwa nampa dada yako."

Nimerudi nyumbani polepole. Nimekaa mezani. Ile chupa ya jana nimeikuta imekwisha fika kwa Sunita. Nimeifungua, nikaitazama muda mrefu. Nimekula karibu nusu, bila roti. Chumvi imekaa sawasawa kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Redio Jasmini imezimika saa kumi na mbili. Vinay alishindwa kumaliza kuaga. Hata mimi nilitafuta leso. Sokoni Bi Parmila aliendelea kuishika simu yake hata baada ya kimya kuingia.

Lakini sikukaa bure! Nimepata redio Sydney, ya mtandaoni pia, yenye mtangazaji mama mmoja mchangamfu. Nimemtumia ombi la kesho saa kumi, safari hii kwa jina langu kamili. Nikaongeza maelezo marefu, kwa macho ya mtangazaji tu, ili aelewe uzito wa jambo.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi ilifika. Kimya. Nikajua nimetupwa.

Nilisahau kwamba Sydney wako nyuma yetu kwa saa moja. Ilipofika saa kumi na moja, stendi imejaa watu na vikapu vya Jumamosi, spika ya Jainendra ikalitaja jina langu. Nilikuwa nimemwomba aweke redio hiyo. Yule mama mchangamfu akasoma yote. Yote! Kwamba kila siku nanunua bilinganya ilhali bilinganya inaniwasha ulimi. Kwamba nywele zangu nazipaka rangi Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwamba achari si haki ya fundi wa matairi.

Basi la Savusavu lilichelewa kuondoka. Abiria walitaka kusikia mwisho.

Nikajificha nyuma ya cherehani. Nikaona ndala za Bi Parmila zikivuka barabara. Hajawahi kuvuka, miaka yote hii.

"Hari," akasema, "hayo mabilinganya yangu unayapeleka wapi?"

Nikajibu kwamba nampa Jainendra.

Akacheka mpaka akaketi kwenye meza ya kupigia pasi. Kisha akafuta macho, akasema, "Miaka miwili namshukuru mtu mwingine. Ungenigongea hata meza." Akaniambia nije kwake kunywa chai kesho saa tisa.

"Uje wewe," akasema. "Usitume redio."

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda. Shati jeupe, kola niliyoishona upya. Chai yenye tangawizi, maandazi matamu ya nazi. Nikamwaga kidogo kwenye sahani. Akajifanya hakuona.

Akauliza nilitaka kumwambia nini siku zote hizo. Nikasema nimezoea kumwona asubuhi akipanga pilipili, na siku asipokuja nashona vibaya. Basi. Hakuna wimbo wala mtangazaji. Akaniongezea chai, akasema Jumapili ijayo atapika samaki, bilinganya hazitakuwepo.

Sijawahi kuwa na siku kama hii tangu mke wangu Kamini aondoke.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana. Jumapili ijayo ni mbali, na wanawake hupenda kuchukua muda. Bi Parmila anahitaji kusukumwa kidogo. Akijua kuna mwingine anayemtaka, ataamua upesi.

Kwa hiyo nimeiandikia ile redio ya Sydney. Leo saa kumi, saa za Labasa, nimesisitiza mara tatu, atasikia salamu kutoka kwa shabiki asiyejulikana, tajiri, mrefu, mwenye wivu. Jina langu halimo popote. Kituo kilidai namba ya simu ili isomwe hewani, nikaweka ya Jainendra.