Wamboi wa Kagwe na Kijiko cha Mukimo Kilichobaki

Sogeeni, enyi watu wa Thika, na nyinyi wa Ruiru msijifanye hamsikii! Zimeni redio, epueni chai isije ikafurika, mwenye mtoto na ampakate, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, kwa maana nitakayoyanena hayataki kukatizwa. Wengine watawasifu majemedari na ngome zao. Shauri yao. Mimi namtaja Wamboi binti Kagwe, mshika spana, mtuliza mitambo, ambaye Jumapili moja ya miaka ile ya tisini alipigana vita vikali bila kuinuka kitini.

Mjueni kwanza. Wamboi alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha kutia mananasi mikebeni pale Thika. Ilipoletwa mashine mpya kutoka Japani, mashine yenye kisirani, iliyomkataa kila mwanamume aliyeigusa, ni Wamboi aliyeitia adabu. Basi wakubwa wakakata shauri kwamba yeye ndiye atakayepanda ndege kwenda Osaka kuzisomea mashine hizo. Baba yake Kagwe, kinyozi mwenye jina karibu na soko, alifurahi hata akamwacha mteja na nusu kichwa, akatoka nje kutangaza. Kisha akamtafutia bintiye kijitabu cha maneno ya Kijapani yamfaayo msafiri mgeni, na kwa kuwa kila mtu huvutwa na kazi yake, akamshurutisha aanze na ukurasa wa kinyozi.

"Baba, mimi nimesuka," akalalamika Wamboi. "Kinyozi wa Osaka nitamwambia nini?"

"Utamwambia yaliyoandikwa!" akanena Kagwe, mkasi ukiwa juu. "Asiyejua kusema na kinyozi, mwanangu, atasema na nani? Rudia!"

Akarudia. Akayajua yote, ya kinyozi, ya steshoni, ya dukani, akayatamka mbele ya sufuria na mbele ya kuku bila kigugumizi. Lakini ole wake! Kila alipokutana na Mjapani wa kweli, yaani Bwana Morita, mhandisi aliyekuja kuifunga ile mashine, maneno yalimkimbia, akabaki kutikisa kichwa tu. Aibu ikamla. Siku moja, kwa uchungu, akamwambia fundi mwenzake aitwaye Boaz: "Jumapili Bwana Morita atakula kwa shangazi yangu, Tata Nyokabi, Ruiru. Akiinuka mezani kabla sijamwambia neno la kwao akalielewa, basi nenda wewe Osaka. Mimi nitakuwa nimejua kwamba sifai."

Ee Boaz, bingwa wa maneno mengi! Katika Kijapani alijua neno moja tu, konnichiwa, la kuamkia watu, na alilisema kwa sauti ya mnadani. Hakungoja kubembelezwa. Jumapili akafika Ruiru amevaa koti la kusafiria, jua likiwaka.

Sasa mfahamuni mwenye nyumba. Tata Nyokabi, dada mkubwa wa Kagwe, mwalimu mstaafu, malkia wa mwiko, mlisha harusi na matanga! Katika himaya yake sheria ilikuwa moja: mgeni aliyeshiba hubakiza kidogo. Sahani ikirudi nyeupe, hayo ni malalamiko, na dawa yake ni kuongeza. Naye Bwana Morita alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba kuacha hata punje ni kumtukana aliyepika. Mnaona balaa lilivyojipanga?

Ikatua sahani ya kwanza, mlima wa mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, wenye paja la kuku kileleni. Morita akaimaliza yote, akainamisha kichwa. "Tamu sana. Asante sana."

"Ngai! Kumbe tulimpunja!" akanguruma Tata Nyokabi. "Mtu ametoka ng'ambo ya bahari, halafu nyumbani kwa Nyokabi alambe sahani? Haiwezekani!" Mwiko ukashuka.

Ikaliwa ya pili. Ikaliwa ya tatu, kwa jasho.

"Konnichiwa!" akapiga Boaz.

Morita akalegeza mkanda. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na bado kijiko kilipanda na kushuka, kwa maana mtu yule alikuwa na adabu kuliko tumbo. Mwiko nao ulikuwa unangoja.

Mtauliza, kwa nini mtu asimwambie tu Tata aache? Wee! Jaribu wewe. Kagwe mwenyewe, mwanamume mwenye wembe, alikuwa ameinamia kitambaa cha meza kama anayehesabu maua yake. Kiswahili Tata alikijua, Kikuyu alizaliwa nacho, Kiingereza alikifundisha hata akakistaafu. Mpwa mmoja aliwahi kumwambia mbele ya wageni kwamba chakula kimetosha, na hadi leo mpwa huyo harusi za ukoo anazisikia kwa majirani. Na hata mgeni angenong'onezwa abakize, Tata angesikia: hapakuwa na lugha ya kumwokoa yule mtu ila ya kwao.

Wamboi akafumbua kinywa. Akatafuta maneno akilini, akakuta steshoni iko wapi. Akatafuta tena, akapata hii ni bei gani. Morita akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho yakiuelekea mlango, na Boaz, alipoliona hilo, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Hapo ndipo binti Kagwe alipoiona Osaka ikimponyoka, na mhandisi akienda kupasuka mbele ya mukimo wa ukoo wake. Hasira ikampanda, haki ya Mungu, hasira ileile aliyoitilia mashine adabu. Na ukurasa wa kinyozi ukafunguka kichwani mwake. Akasema, wazi kabisa:

"Sukoshi nokoshite kudasai."

Yaani, tafadhali bakiza kidogo. Ndivyo anavyosema mteja asiyetaka kunyolewa sana.

Bwana Morita akashtuka, akaupeleka mkono kwenye nywele zake. Akamtazama Wamboi. Wamboi akaitazama sahani. Morita naye akaitazama sahani, kisha mwiko uliokuwa njiani, kisha mwenye mwiko, na pole pole uso wake ukakunjuka. Akala kidogo. Akabakiza kijiko kimoja cha mukimo. Akaweka uma chini.

Tata Nyokabi akasimama na mwiko hewani.

"Amebakiza," akanong'ona. Kisha akapaza sauti hata majirani wakatoka. "Amebakiza! Ameshiba! Mgeni wa Japani ameshiba kwangu!" Na vigelegele vikapanda.

Bwana Morita akainuka, akamwinamia Wamboi, akamwaga Kijapani kirefu ambacho Wamboi alikielewa mwanzo na mwisho tu, na kote kuwili kulikuwa na shukrani. Kagwe alilia bila kujificha. "Ukurasa wa kinyozi!" alikuwa akimwambia kila aliyeingia. "Nilisema mimi!" Boaz akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akaomba sahani.

Naye shujaa, ambaye kwa woga hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi, akaivamia sahani yake kwa raha ya ushindi, akaifagia hadi ikang'aa.

"Wamboi-san," akaita Bwana Morita kwa upole kutoka ng'ambo ya meza. "Sukoshi nokoshite kudasai."

Alikuwa amechelewa. Kivuli cha mwiko kilikwisha mfunika.

Basi na ikumbukwe, enyi wa Thika na Ruiru, kwamba binti yenu alisema na Japani ikamsikia, na Japani ikamjibu, naye akaelewa kila neno.