Mpwa Aliyeletwa na Mchwa

Kassimu wa Same alikuwa gulioni Mwanga, amevaa kaptula ya kaki aliyoipata kwa kumshinda askari kwenye karata, aliposikia wanawake wa Ugweno wakilalamika kuwa mchwa wamemaliza maharage ya bustani zao, na kwa mjane Eliwaza wa Shighatini wameanza hata migomba. Mtu mwingine angewapa pole. Kassimu, Mungu amjalie, aliuliza njia, akajaza majivu kwenye makopo matatu, akayanyunyizia mafuta ya taa ili yanuke kiserikali.

Alifika kwa mjane mchana, akatoa shikamoo ya kunyenyekea, akasema ametumwa na Bwana Shamba kuleta dawa ya mchwa. Eliwaza akaitikia marahaba, basi. Kassimu alipoona biashara inapoa, ulimi ukamtangulia: akasema hapa ni nyumbani kwao, marehemu mama yake alizaliwa papa hapa Shighatini akaolewa tambarare. Akatoa machozi mawili, ya kupimwa. Kwa kuwa ni ndugu hatataka mengi, yule mbuzi mwenye mimba aliyefungwa kando ya jiko atatosha.

Mbuzi huyo ndiye mali pekee aliyoachiwa Eliwaza na mumewe. Mama wa watu alinusa kopo, kisha akamkabidhi Kassimu kamba bila ubishi na kwenda kumwita Sefania, mkubwa wa ukoo, aje amwone mpwa wake. Kassimu almanusura acheke. Watu wa milimani hawa, bwana!

Sefania akaja na pembe. Akamkumbatia mpwa, akamuuliza umri, akaambiwa thelathini na miwili. Kisha akapuliza pembe, na wanaume wakaanza kuteremka na majembe.

"Mpwa wangu," akasema, "pembe ya msaragambo ikilia, kila mwanaume mwenye asili ya hapa hutoka kufanya kazi ya wote. Asiyetoka hutozwa mbuzi. Wewe hujatoka tangu uzaliwe. Kwa huruma tutachukua mmoja."

Akaichukua kamba, akamrudishia Eliwaza, maana siku hiyo kazi ilikuwa kwake: kuchimba kichuguu cha nyuma ya jiko mpaka malkia wa mchwa apatikane. Mpwa, kwa heshima, akapewa pale katikati penye udongo mgumu kuliko kote. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, mchwa wakimpanda ndani ya kaptula ya serikali bila kujali cheo. Jioni malkia akapatikana, mnene kama kidole gumba. Kassimu akaomba ruhusa ya kwenda zake. Sefania akamweleza kuwa kesho ni zamu ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia, ambalo limejaa tope.

Ndipo Kassimu, kwa mara ya kwanza tangu aote ndevu, akasema kweli.

"Mzee, nisamehe. Mimi si mpwa wako. Mama yangu ni wa Pangani, yu hai, na mlima hajawahi kuupanda."

Eliwaza alikuwa akiwagawia wachimbaji uji. Akamjazia kata yake mpaka juu.

"Hilo nililijua tangu mchana," akasema. "Lakini umeshatambulishwa kwa ukoo mzima. Kunywa, mwanangu, ulale. Pembe hulia alfajiri."