Mgeni wa Ukungu na Mama Yake

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Kibanda changu cha gemu, hapa nyuma ya gereji, wateja wa kuokoteza. Lesiamon, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, kafunga runinga pana kama mlango wa zizi. Majivuno! Mimi runinga yangu ndogo, na gemu inayovuta watu ni moja tu: ile ya kiumbe anayeshuka kutoka sayari nyingine. Hana uso. Hasemi. Anavuma tu ndani ya ukungu, kisha anateketeza mji. Anataka nini? Hakuna ajuaye. Wateja wanamwita Mgeni.

Leo Wilibrodi, fundi wa gereji, alipiga kelele kwamba Mgeni amekuja. Shangazi Germana, mwenye chumba hiki, akaingia na chupa ya chai na vikombe! Alipooneshwa kioo cha runinga alikasirika. Akauliza ni mgeni gani huyo anaingia mpaka ndani bila mtu kumuuliza katokea wapi. Halafu akanikumbusha kwamba chumba kikiendelea kuwa kitupu, atahifadhi vitunguu vyake.

Lakini nimepata wazo. Asante, Shangazi!

Jumatano, 11 Juni

Nimebandika tangazo mlangoni: Jumamosi, Silvanus atafichua Mgeni ni nani. Mimi mwenyewe sijui. Mpaka Jumamosi nitajua.

Felista, anayesomea kuongoza watalii na anayetushinda wote kwenye gemu hii, kanisihi niache. Anasema anampenda Mgeni kwa sababu hamjui. Akishamjua atakuwa kama jirani tu. Wivu! Lesiamon hajaliona tangazo. Yuko kwao Ngorongoro, mdogo wake anaoa. Akirudi atakuta wateja wake wote wako kwangu. Maskini.

Jumamosi, 14 Juni

Umati! Watu mpaka dirishani! Nikapanda juu ya benchi. Nikafungua mdomo, nao ukakimbia wenyewe. Nikasema Mgeni anamtafuta mama yake, aliyepotelea huku duniani Mgeni akiwa bado mchanga. Ule mvumo ni wimbo aliombembelezea. Tena mama huyo anaumwa miguu. Kwa nini miguu? Sijui. Ilikuja.

Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani ni kwa heshima. Felista akaweka chini pedi ya kuchezea.

"Kaka Silvanus, mimi simpigi mtu anayemtafuta mama yake."

Akatoka nje kumpigia simu mama yake, yuko Endabash. Wilibrodi akashika pedi. Mgeni alipotokea, Wilibrodi akasogea kando kumpa njia.

"Pita, ndugu yangu. Pole sana."

Mgeni akapita, akateketeza mji wote. Watu wakaridhika kabisa. Wakaenda zao nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nikawatangazia ukweli: mama hayupo, nilimtunga. Wilibrodi akavua kofia, akauliza amefariki lini. Wengine wakanishika mkono kunipa pole. Hakuna aliyekuja kucheza. Kwa Lesiamon kumefungwa, na bado hakuna aliyekuja kwangu!

Shangazi alikuja na kamba kupima ukuta, aone magunia yatakaaje. Nilimshikia ncha moja ya kamba. Nikajikuta machozi yananitoka. Akajifanya hajaona. Namshukuru kwa hilo.

Jumanne, 17 Juni

Lesiamon karudi. Nilijiandaa kwa kejeli. Kumbe kaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kutoka kwao! Alisema amesikia nafunga, na kwamba mimi nikiondoka hatakuwa na mtu wa kushindana naye. Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kisha akaomba ajaribu hiyo gemu yangu, hajawahi kuicheza.

Mtu pekee wa hapa Karatu asiyezijua habari za mama!

Ukungu ukajaa kiooni. Mvumo ukaanza. Lesiamon, na urefu wake wote, akaruka, benchi likapinduka.

"Mama yangu! Ni nini hicho?"

Mafundi wakaja mbio wakidhani kapigwa na umeme. Wakamwona anavyotetemeka. Wakatazama kioo, nao wakaanza kurudi nyuma. Felista, aliyeingia nyuma yao, akajibanza ukutani, anatabasamu, macho yamemtoka. Woga ulikuwa umerudi! Nikaona nimsaidie Lesiamon, nimweleze. Felista akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie," Lesiamon akasema. "Ukiniambia ni nani, sirudi tena hapa. Niache niogope, bwana."

Kila mtu akataka zamu. Waliokaa wakakaa, waliosimama wakasimama, na wote walipiga kelele. Shangazi akaja na chai, akachungulia kioo, akaondoka bila chupa. Baadaye akatuma ujumbe kwamba vitunguu atavipeleka kwa jirani.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya shukrani. Namshukuru Mungu. Namshukuru Shangazi, na kiganja cha Felista, na Wilibrodi, ambaye tangu jana anampiga Mgeni bila huruma. Kuliko wote namshukuru Lesiamon. Nilimfikiria vibaya muda wote huo, na yeye ndiye aliyeniokoa.

Nimlipe nini? Nimewaza asubuhi nzima. Mtu mwema kama yule si haki kumwacha gizani, mwenyewe peke yake, wenzake wote wanajua. Nimemrekodia na kumtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu, tangu mwanzo: mama, wimbo, miguu. Nimemwongezea na baba.

Tiki zimegeuka bluu. Anasikiliza! Natamani ningeuona uso wake sasa hivi.