Laptopu Chini ya Meza Yangu

Jumatano, 4 Machi
Daktari mkuu ametangaza kwamba mwisho wa mwezi nafasi yangu inafutwa. Miaka tisa nimebeba daftari la hesabu ya mitungi ya oksijeni kutoka stoo hadi ofisini kwake. Sasa dada wa takwimu, Mama Grafu, ameunganisha kila kitu. Stoo wakiandika, seva inapokea, skrini ya ofisini inabadilisha namba. Mitambo inaongea yenyewe, na mimi nimetupwa kama ganda la muwa.

Nimempitia Mjomba wodi namba tatu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Anapumua kwa mtungi, pumzi zake za kuhesabu, lakini ushauri haumwishii. Amesema nikubali yaishe, nijifunze kitu kipya. Wagonjwa bwana.

Alhamisi, 5 Machi
Nimepata dawa. Mitambo ikitaka kuongea, ipitie kwangu. Nimedai kwamba kwa ajili ya usalama, habari za stoo zipite kwanza kwenye laptopu yangu, zikaguliwe, ndipo ziende kwenye seva. Mama Grafu akauliza laptopu ikizimika itakuwaje. Nikamjibu haijawahi kuzimika. Ni kweli. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo haitoki kwenye waya.

Daktari mkuu amesaini bila kusoma. Nimeiweka chini ya meza. Asiyekuwepo na lake halipo!

Ijumaa, 6 Machi
Mama Grafu anaichungulia meza yangu. Nimeichomoa laptopu jioni, nikaenda nayo nyumbani. Skrini ikikaa tupu siku mbili, Jumatatu watanitafuta kwa tochi.

Jumatatu, 9 Machi
Skrini haikukaa tupu. Kumbe ikikosa habari mpya, inaendelea kuonyesha zile za mwisho. Mitungi arobaini na mmoja, Jumamosi nzima, Jumapili nzima. Anayeagiza mitungi huangalia skrini, basi hakuagiza. Stoo waliandika inavyopungua hadi sifuri, na maandishi yao hayakufika popote.

Mjomba alifariki jana, saa nne asubuhi.

Mama Grafu hakufoka. Aliuliza tu laptopu ilikuwa wapi. Nikasema kwa fundi. Nikaenda chooni nikalia mpaka mtu akagonga mlango.

Jumatano, 11 Machi
Tumemzika. Mama yangu ameniuliza, mimi ninayefanya kazi palepale, oksijeni ya kaka yake iliishaje bila mtu kujua. Nikasema ni mitambo. Akanishika mkono, akasema afadhali enzi zile nilipokuwa nabeba daftari mwenyewe. Sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 12 Machi
Wachunguzi wanakuja wiki ijayo. Daktari mkuu anataka mtu wa kuwaeleza habari zinapita wapi, hivyo nimeongezewa miezi sita. Nimemshauri kwamba ripoti yao, kabla ya kufika mezani kwake, ipite kwanza kwenye laptopu yangu, ikaguliwe. Kwa ajili ya usalama. Amesaini.

Safari hii nanunua betri.